Gesi mbadala ya SF6 kwenye umeme mkubwa: maswali yanayorudi kila siku

Haya ni maswali ambayo mafundi wa sabstesheni, wanafunzi wa vyuo na watu wa manunuzi wanayauliza tena na tena. Ukiwa mgeni kabisa anza juu ushuke taratibu, ukiwa fundi mzoefu ruka hadi sehemu ya kazini.

## Tuanze na msingi

1. SF6 ni nini hasa, na inafanya kazi gani ndani ya matangi ya vifaa vya umeme mkubwa?

Ni gesi ya salfa na florini, molekuli moja ina atomu moja ya salfa imezungukwa na sita za florini. Haina rangi, haina harufu, haiungui, na ni nzito kama mara tano ya hewa. Waliitengeneza Wafaransa wawili, Henri Moissan na Paul Lebeau, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na kuanzia miaka ya 1950 ikaanza kuingia kwenye breka (swichi kubwa zinazokata umeme) za umeme mkubwa.

Uzuri wake ni kwamba inapenda sana elektroni. Umeme ukitaka kuruka kutoka kwenye kondakta kwenda kwenye ukuta wa tangi unahitaji elektroni huru zikimbie, zigonge molekuli, zizae elektroni nyingine, mpaka njia ifunguke. SF6 inazidaka zile elektroni kabla hazijapata mbio. Ndo maana kwa presha ile ile inahimili kama mara mbili na nusu hadi tatu ya volti ambayo hewa ingehimili, na ndo maana kituo kizima cha 220 kV kinaweza kuingia kwenye jengo katikati ya mji, wakati cha wazi kingekula uwanja mzima.

2. Sasa kama ni nzuri hivyo tatizo liko wapi?

Tatizo ni ikitoka. Kuna kipimo kinaitwa GWP, kinaonyesha kilo moja ya gesi inapasha dunia joto mara ngapi ukilinganisha na kilo moja ya hewa ukaa kwa miaka 100. Hewa ukaa ni 1. SF6 ni 24,300 kwa hesabu iliyoko kwenye sheria mpya ya Ulaya (ripoti za nyuma kidogo utakuta 23,500, usichanganyikiwe, ni hesabu iliyosahihishwa tu). Hakuna gesi nyingine kwenye orodha ya zile zinazosimamiwa kimataifa yenye namba kubwa kuliko hiyo.

Kwa lugha ya mtaani: ukiachia kilo moja tu ya SF6, ni kama umechoma zaidi ya lita 10,000 za petroli. Kilo moja. Na ile ikishapanda juu haiondoki leo wala kesho, inakaa kwa karne nyingi, makadirio ya zamani ni miaka 3,200 na ya karibuni yanazungumzia kama miaka 1,000, yaani hata ukichukua ile ndogo bado wajukuu wa wajukuu zetu wataikuta.

3. Inatoboa ozoni? Na si Kigali walishalimaliza hili?

Ozoni haiigusi, haina klorini wala bromini. Na Kigali ni kitu kingine: Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yaliongezwa kwenye Mkataba wa Montreal kupunguza HFC, zile gesi za friji na viyoyozi kama R134a. SF6 haimo. Yenyewe iko kwenye Itifaki ya Kyoto ya 1997 pamoja na hewa ukaa na methani. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshasikia mtu wa manunuzi anasema "sisi tumesharidhia Kigali, hilo limeisha", hapana, halijaisha.

4. Kuhami na kuzima arki si kitu kimoja?

Hapana, na ukikosea hapa utakosea kila kitu kinachofuata. Kuhami ni kuzuia umeme usiruke wakati kila kitu kimetulia. Kuzima arki ni pale breka inapofungua mzigo au shoti, kontakti zinaachana, katikati unawaka moto wa umeme wa maelfu ya nyuzi joto, na ule moto lazima uzimike mkondo unapopita sifuri na usiwake tena. SF6 inafanya kazi zote mbili, na ikishapasuliwa na arki sehemu kubwa inajiunga tena yenyewe kuwa SF6. Ndo maana kuipata mbadala wake ni kazi, kwa sababu gesi nyingi zinaweza moja zikashindwa nyingine. Swali sahihi siku zote ni: gesi gani kwa kazi gani, kwa volti gani?

## Mbadala wenyewe

5. Kwa nini tusitumie hewa ya kawaida au nitrojeni basi?

Inatumika, na kwa maoni yangu ndo njia iliyo safi kuliko zote. Hewa kavu iliyosafishwa, nitrojeni kama 80% na oksijeni 20%, ina GWP ya sifuri, ikivuja imerudi ilikotoka, haina sumu, hata ukiipumua. Gharama yake ni nafasi: kwa sababu uwezo wake ni kama theluthi ya SF6, unapaswa kuongeza presha au kuongeza umbali kati ya kondakta na tangi, au vyote viwili. Hiyo ni sheria ya Paschen, volti ya kuruka inategemea presha ukizidisha na umbali.

Nitrojeni tupu iko chini kidogo ya hewa kwa sababu haidaki elektroni, oksijeni angalau inadaka kidogo. Na hewa peke yake si mzimaji mzuri wa arki kubwa, kwa hiyo unakuta imepewa kazi ya kuhami tu halafu kazi ya kuzima inapewa vakyumu, ambayo ndo swali linalofuata.

6. Vakyumu nayo ni gesi mbadala?

Sio gesi, ni kutokuwepo kwa gesi, lakini ndo mbadala uliofanikiwa kuliko yote. Ndani ya chupa ya vakyumu kontakti zikiachana arki inaishi kwa mvuke wa chuma unaotoka kwenye kontakti zenyewe (mara nyingi shaba iliyochanganywa na kromu), mkondo ukifika sifuri ule mvuke unaganda ndani ya muda mfupi mno na njia inafungwa. Kwa 11 kV na 33 kV mafundi wetu wanazijua miaka mingi, si teknolojia ya kubahatisha. Zimeshafika 145 kV kwenye vifaa vinavyouzwa kibiashara, Siemens wanaziunganisha na hewa kavu na kuziita Blue.

Sasa sikiliza mtego: chupa ya vakyumu inazima arki ndani yake, lakini nje ya chupa bado unahitaji kuhami. Kuna ring meini (visanduku vya swichi vya mitaani) na swichigia (makabati ya swichi na breka) nyingi zimeandikwa "vakyumu breka" kwa herufi kubwa, ukifungua karatasi za kiwandani unakuta ile chupa imekaa ndani ya tangi la SF6! Mnunuzi anaamini ameondokana nayo kumbe ameinunua. Uliza maswali mawili kila mara: arki inazimwa na nini, na nje yake kunahamiwa na nini.

7. Hizi g³, AirPlus, EconiQ ni gesi gani?

Ni majina ya biashara, ndani yake kuna familia mbili za molekuli zenye florini.

Ya kwanza ni fluoronitraili, C4-FN, kampuni ya 3M waliiuza kwa jina la Novec 4710. Ikiwa peke yake inahimili volti kama mara mbili ya SF6, jambo la ajabu, lakini inageuka maji (yaani kimiminika) kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri kwa presha ya kawaida, kwa hiyo huwezi kuijaza tupu kwenye tangi lenye presha. Wanaweka asilimia chache tu ndani ya hewa ukaa na oksijeni kidogo. GE ndo wanaiita g³, na Hitachi Energy wanatumia mchanganyiko wa aina hiyo kwenye EconiQ. GWP ya C4-FN tupu ni kama 2,000 na kitu hadi 2,750 kutegemea hesabu ya mwaka gani, lakini kwa vile ni kidogo mchanganyiko unabaki kwenye mamia, na pia tangi linabeba kilo pungufu, ndo wanapopata lile punguzo la 99% wanalolitangaza.

Ya pili ni fluoroketoni, C5-FK, ABB waliiita AirPlus wakichanganya na hewa kavu. GWP yake iko chini ya 1, kwa sababu jua linaivunja ndani ya siku chache tu. Lakini inachemka kwenye nyuzi kama 27, yaani kwenye chumba chenye AC ni maji! Kwa hiyo kwenye mchanganyiko inaweza kuingia kidogo tu na uwezo wake una kikomo. Mwaka 2015 iliwekwa kwenye kituo cha Oerlikon, Zurich, kikiwa cha mwanzo kwa volti kubwa, ila baadaye upepo kwenye volti kubwa umeelekea zaidi C4-FN.

Ile oksijeni unayoiona kwenye michanganyiko si ya bahati mbaya, inasaidia kupunguza masizi ya kaboni arki inapovunja molekuli.

8. Nasikia 3M wameacha kuzitengeneza. Tumeshanunua, tufanyeje?

Ni kweli, Desemba 2022 walitangaza kwamba watatoka kwenye utengenezaji wa PFAS zote ifikapo mwisho wa 2025. PFAS ni lile kundi la kemikali zenye florini zisizooza, na kwa tafsiri ya OECD ya 2021 C4-FN na C5-FK zote zinaingia humo. Januari 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway walipeleka pendekezo la kuzibana PFAS kwa ujumla. Viwanda vingine vimeingia kutengeneza molekuli hiyo hiyo, kwa hiyo haijapotea sokoni, lakini aliyenunua aombe mkataba wa gesi ya kujazia wa miaka mingi, kwa maandishi, kabla hajalipa malipo ya mwisho.

9. CF3I na HFO (gesi nyingine zenye florini) je? Kwenye makala za utafiti zinasifiwa sana.

Zinasifiwa kwa haki maabara. CF3I ina GWP chini ya 1 na uwezo wa kuhami unaoizidi SF6 kidogo, shida ni iodini inayoachwa kwenye kontakti baada ya arki, na wasiwasi wa kiafya kwamba inaweza kuharibu chembe za urithi. HFO-1234ze inahami vizuri, inaikaribia SF6, lakini ukiipa arki inaacha masizi, kwa hiyo inafaa kuhami tu (rudi swali la 4).

10. Wengine wanachanganya SF6 na nitrojeni. Hiyo inatosha?

Inasaidia, haimalizi. Mchanganyiko wa SF6 20% na nitrojeni 80% unabaki na sehemu kubwa ya uwezo, na mwaka 2001 ulijazwa kwenye laini ya gesi ya Geneva, eneo la Palexpo. Lakini bado ni SF6, na kuitenganisha na nitrojeni baadaye ni kazi nyingine.

11. Nitajie moja basi, ipi bora?

Hakuna moja, na anayekwambia ipo anauza kitu. Ila mimi nikiulizwa: hadi 33 kV, vakyumu pamoja na hewa kavu au kihami cha plastiki ngumu, sioni sababu ya kununua SF6 mpya kabisa. 66 hadi 145 kV, vakyumu na hewa kavu kama nafasi inatosha, mchanganyiko wa C4-FN kama nafasi imebana. 220 na 400 kV, kama una ardhi jenga kituo cha wazi, hewa ya Mungu ndo inahami na SF6 inabaki kwenye breka tu, na kama lazima kiwe cha ndani basi kwa sasa C4-FN ndo imetangulia. Na usisahau breka za hewa ukaa tupu, zipo kwa volti za kama 72.5 kV.

## Sheria na manunuzi

12. Ulaya wamekataza kuanzia lini?

Kanuni yao inaitwa 2024/573, imeanza nguvu Machi 2024, na inagusa vifaa vipya, sio vilivyokwisha kufungwa. Hadi 24 kV ni kuanzia 1 Januari 2026. Zaidi ya 24 hadi 52 kV ni 2030. Zaidi ya 52 hadi 145 kV ni 2028, na juu ya hapo 2032. Kwa hizi volti kubwa katazo ni la gesi yenye GWP ya 1 au zaidi, ila wazabuni wakiwa hawatoshi kuna mlango wa gesi iliyo chini ya 1,000, na huo ndo mlango C4-FN inapopitia. Halafu 2035 wanakataza SF6 mpya hata kwa matengenezo, itabidi itumike iliyosafishwa tena.

13. Hiyo ni Ulaya. Huku TANESCO, KETRACO au UEDCL (mashirika ya umeme ya Tanzania, Kenya na Uganda) inatuhusu nini?

Inatuhusu sana, kwa sababu swichigia nyingi tunaagiza. Soko lao likifungwa, stoki za SF6 zitatafuta pengine pa kwenda, na bei nzuri ya leo itakuwa mzigo wa miaka 30 au 40, maana ndo umri wa hivi vifaa. Vipuri vitapungua, gesi itapanda, wataalamu watastaafu. Kuna miradi mipya mingi ukanda huu, laini za 400 kV zinajengwa, Kenya na Tanzania zimeshaunganishwa, kila tenda ni nafasi ya kuchagua upya.

Kwenye tenda andika wazi: gesi ya kuhami na njia ya kuzima arki kila moja kwa jina lake, GWP ya juu inayokubalika, uvujaji wa juu kwa mwaka (viwango vya IEC vinataka usizidi 0.5% kwa chumba cha gesi), mashine ya kutolea na kujazia gesi iwe sehemu ya bei, mafunzo ya mafundi, na nani atachukua gesi siku kifaa kinazeeka. Hiki cha mwisho karibu kila mtu anakisahau.

14. Si ni ghali zaidi?

Siku ya kununua, mara nyingi ndiyo. Ila linganisha na gharama ya mashine za gesi, ukaguzi, uvujaji na uteketezaji kwa maisha yote ya kifaa, usilinganishe bei ya kwenye proforma tu.

## Kazini

15. Naweza kutoa SF6 kwenye breka niliyonayo nikajaza hewa kavu au mchanganyiko mpya?

Hapana. Breka imepimwa na kupitishwa kwa gesi yake, presha yake na umbali wake. Ukiweka hewa kavu mle umeondoa theluthi mbili za uwezo wa kuhami na uwezo wa kuzima shoti karibu umeuondoa wote, siku laini inapiga shoti breka itapasuka na kuna mtu yuko kwenye jengo. Kuna sehemu zisizo na kontakti, kama basibaa (vyuma vinavyogawa umeme ndani ya kituo), ambazo watengenezaji wenyewe wamewahi kuzijaza upya kwa mchanganyiko wa C4-FN, ila ni kazi ya mtengenezaji na vipimo vyake.

16. Tunafungua breka kwa matengenezo, gesi tunaiachia tu hewani, kuna shida?

Kuna shida mbili. Ya kwanza umeiona swali la 2. Nilishafika kituo kimoja fundi akafungua valvu, tukasimama tunasikiliza inavyopiga mluzi mpaka ikaisha, kilo kadhaa, na mashine ya kuvutia gesi iko stoo imeharibika pampu. Hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyewahi kumwambia. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu ule mluzi ulikuwa sawa na petroli ya daladala kwa miaka.

Ya pili ni afya yako. SF6 safi haina sumu lakini iliyopigwa arki inatoa dayoksaidi ya salfa, asidi ya floridi na vingine vibaya zaidi, na ile poda nyeupe au ya kijivu unayoikuta ndani inachoma ngozi na mapafu. Ukisikia harufu ya yai bovu au ya kukera puani, toka kwanza. Glavu, miwani, barakoa ya kichujio sahihi, na poda inafyonzwa kwa mashine maalumu, haifagiliwi. Michanganyiko ya C4-FN nayo sio salama ikipigwa arki, inatoa monoksaidi ya kaboni, ambayo huioni wala huinusi.

17. Zile video za kuvuta SF6 sauti inakuwa nzito, ni salama?

Usijaribu. Ni nzito, inakaa chini ya mapafu na kusukuma oksijeni nje. Kwa sababu hiyo hiyo ikivuja inatulia kwenye mitaro ya kebo na vyumba vya chini, na mtu anaweza kushuka akazimia bila kunusa chochote. Pima oksijeni kabla ya kushuka.

18. Nairobi iko juu sana, gesi mbadala zitafanya kazi sawa?

Ndani ya tangi lililofungwa, ndiyo, kinachohesabika ni wingi wa gesi mle ndani na haujui uko mita ngapi juu ya bahari. Vinavyoathirika ni viwili. Bushingi (vihami vinavyopitisha kondakta kutoka tangini kwenda nje) na kila kilicho nje kinahamiwa na hewa nyepesi, na viwango vya kawaida vimeandikwa kwa hadi mita 1,000, kwa hiyo juu ya hapo lazima mtengenezaji asahihishe. Kingine ni geji: Nairobi presha ya hewa ni kama bar 0.8 badala ya 1, na geji inayolinganisha na hewa ya nje itasoma kama bar 0.2 zaidi kuliko ilivyosoma Mombasa kwa gesi ile ile. Kwenye ring meini za presha ndogo hiyo 0.2 ni nyingi, unaweza kudhani tangi limejaa kumbe limepungua. Uliza kama geji yako inapima wingi wa gesi au presha tu.

19. Na kwenye joto la pwani?

Hapa tuna bahati. Sehemu kubwa ya ugumu wa C4-FN na C5-FK ni baridi, wenzetu wa Scandinavia wanapambana nayo isigeuke maji nyuzi 25 chini ya sifuri, Tanga na Dar hilo halipo. Cha kuangalia kwetu ni unyevu, gesi ipimwe ukavu wake kabla na baada ya kujaza, na chumvi kwenye bushingi, ambayo haijali ndani kuna gesi gani. Ila usiongeze C4-FN eti kwa sababu huku ni joto, sababu iko swali la 15.

## Nje ya swichigia

20. Mbona CERN (maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya) nao wanatafuta gesi mbadala? Wao wana breka gani?

Sio breka, ni vifaa vya kunasa chembechembe vinavyoitwa RPC. Bamba mbili zenye volti kubwa, katikati gesi, chembe ikipita inaacha cheche ndogo inayosomwa. Gesi yao ilikuwa karibu 95% R134a, isobutani kama 5% na SF6 0.3% ya kuzuia cheche isikue ikaharibu kifaa. Yaani pale wanataka umeme uruke, ila kidogo na kwa adabu, kinyume cha breka. Mwaka 2023 ATLAS, moja ya majaribio makubwa ya CERN, waliingiza hewa ukaa 30% badala ya sehemu ya R134a, na SF6 ikabidi ipande hadi 1% kutuliza cheche, na bado kwa ujumla wamepunguza madhara. HFO inaendelea kupimwa.

21. Hospitali yetu ina mashine ya mionzi ya saratani, fundi anasema inajazwa SF6. Ni kweli?

Ni kweli kwa nyingi. Mle kuna bomba la kupitisha mawimbi ya nguvu kubwa na SF6 inazuia cheche. Ni kiasi kidogo, na mgonjwa anasubiri, kwa hiyo usibadilishe chochote bila mtengenezaji. Kazi yako ni kurekebisha uvujaji: kama mnajaza kila mwezi kuna sili imekufa.

22. Tuna mtungi stoo, lebo imefutika, hakuna anayejua una nini. Tuumwage?

Usifungue kabisa. Kama ni SF6 ya kilo 40 ni sawa na kuachia karibu tani 970 za hewa ukaa kwa mkupuo, na kama ni gesi iliyotoka kwenye breka iliyoungua una sumu mle ndani. Usiuchanganye na mtungi mwingine pia, gesi mbili zikishachanganyika hakuna anayetaka kuzisafisha. Ufungie mnyororo, uandike "haijulikani, usitumie" na tarehe, upime uzito na kuuandika, halafu mtafute kampuni yenye kipimo cha gesi ichukue sampuli. Uzito upimwe tena kila baada ya miezi mitatu, ukipungua ujue valvu inavuja na hapo ni haraka.